Ndege wa Matete na Mmea wa Ini: Viumbe Viwili vya Kinamasi Kimoja

Katika somo la juma hili twataka kulinganisha viumbe viwili ambavyo kwa macho havina neno la kufanana. Kimoja ni ndege mdogo aimbaye katika matete. Cha pili ni mmea mdogo uliolala kifudifudi juu ya udongo wenye maji, usio na ua, wala mbegu, wala mzizi wa kweli. Huenda msomaji akauliza, "Yafaa nini kulinganisha ndege na jani? Ndege huruka, jani halitoki mahali pake. Je, maneno hayajaisha hapo?"

Hayajaisha. Kulinganisha ng'ombe na ng'ombe ni kazi nyepesi, nayo hutufundisha machache. Bali tukilinganisha vitu vilivyo mbali, kisha tukaona jambo moja ambalo vyote viwili haviwezi kuishi bila yake, hapo twajua ya kuwa jambo hilo ni kubwa kweli. Basi tufuate habari hii polepole, na mwisho tutaona ya kuwa yamhusu pia mkulima wa mahindi ambaye hajapata kuutazama mmea huu hata siku moja.

MAHALI PENYEWE

Moi's Bridge ni mji mdogo ulio katika njia kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la A. C. Hoey, mwindaji na mlowezi wa Kizungu. Majina yote mawili yana neno lenye maana ya daraja, maana asili ya mji ni mto. Mto wenyewe ni Nzoia. Hukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya mlima Elgon, huteremka hadi maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma, hupita Mumias, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Budalang'i. Safari hiyo ni ya kilomita 257 hivi.

Nchi hii yajulikana kwa mahindi. Lakini katikati ya mashamba, mahali pa mabonde, pana vinamasi vyenye matete na nyasi ndefu. Kilicho mashuhuri kupita vyote ni kinamasi cha Saiwa, kilichoko kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale. Mwaka 1974 kilifanywa kuwa hifadhi ya taifa ili kumlinda nzohe, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ambazo humwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Eneo la hifadhi hiyo ni kilomita 2.9 za mraba tu, nayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya. Katika mahali pa namna hii ndipo ndege wetu na mmea wetu waweza kuonekana bila kuachana mbali.

HABARI ZA NDEGE

Ndege tunayemtaja ni mmoja wa ndege wa matete, na jina lake la kisayansi ni Acrocephalus schoenobaenus. Urefu wake ni sentimita 13 hivi. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo wenye michirizi myeusi, tumbo ni jeupejeupe, na juu ya jicho ana mstari mpana wa rangi ya maziwa, kama mtu aliyepakwa rangi kwenye nyusi. Uzito wake wa kawaida ni gramu 10 hadi 12. Ukitaka kuujua uzito huo, chukua punje thelathini na kitu za mahindi makavu uziweke kiganjani: ndivyo alivyo mzito, pamoja na mifupa na manyoya yake.

Mwili mdogo namna hiyo hufanya safari ambayo mtu mwenye nguvu hawezi kuifanya kwa miguu kwa muda wa miezi mingi. Hutaga mayai na kulea makinda wake katika nchi za kaskazini, tangu visiwa vya Uingereza hadi Siberia, wakati wa joto la huko. Baridi inapokaribia na wadudu kupungua, huondoka kuja Afrika, akipita bahari na jangwa la Sahara. Wengine husafiri kilomita 6,000 na zaidi. Husafiri hasa usiku. Nchini Kenya huwasili kwa wingi kama mwezi wa Novemba, hukaa katika vinamasi vya nyanda za juu na vya upande wa Ziwa Victoria, na hurudi kwao mwezi wa Aprili au Mei.

Je, nguvu za safari hiyo hutoka wapi? Hutoka katika kinamasi. Kabla ya kuondoka kaskazini, ndege huyu huingia katika matete na kula vidukari, yaani wale wadudu wadogo laini wanaofyonza maji ya majani. Hula mchana kutwa, akayageuza kuwa mafuta chini ya ngozi, hata uzito wake huweza kufika mara mbili ya ule wa kawaida. Mafuta hayo ndiyo petroli yake. Na akiwa huku kwetu hufanya vivyo hivyo kabla ya kurudi. Palipo na matete mabichi pana wadudu, na palipo na wadudu pana safari. Matete yakikauka, safari haipo.

Tena ndege huyu ni mwimbaji. Dume huimba kwa haraka sana, akichanganya sauti kali na laini, na kuiga sauti za ndege wengine, wala wimbo wake haurudii mpango ule ule. Wataalamu waliomchunguza waliona ya kuwa jike humpenda dume ajuaye sauti nyingi, na dume akiisha kupata mwenzi, kuimba kwake hupungua sana. Huku kwetu pia husikika akiimba mwezi wa Machi na Aprili, wakati ule ule wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wanapotia mbegu za mahindi udongoni. Ni kama msafiri anayejaribu sauti yake kabla ya kufika nyumbani.

HABARI ZA MMEA

Sasa na tuiname chini. Katika ukingo wa kijito chenye kivuli, au penye mawe ya chini ya daraja yasiyopigwa na jua, au kando ya bomba linalovuja, waweza kuona kitu cha kijani kibichi kilichotanda kama utepe mpana, kikigawanyika mara mbili mbili kwenye ncha. Huo ni mmea wa jamii iitwayo marikantia. Jina hili lilitolewa mwaka 1713 na mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Jean Marchant, kwa heshima ya baba yake Nicolas. Watu wa kale wa Ulaya waliuita mmea wa ini, kwa kuwa umbo lake lilifanana na ini la mnyama. Nao, kwa sababu ya mfano huo tu, walidhani kwamba utaponya ugonjwa wa ini.

Hapa pana fundisho la kukumbuka. Watu wale walilinganisha kwa umbo la nje peke yake, na umbo la nje likawadanganya. Elimu ya siku hizi hulinganisha kwa kazi: kiumbe hiki hunywaje, hulaje, huzaaje? Tukiuliza maswali hayo, mmea huu mdogo hufunua mambo ya ajabu.

Kwanza, hauna mizizi ya kweli. Chini yake una nyuzi nyembamba zinazoushikilia udongoni, lakini hauna mishipa ya kupandisha maji kama mti au muhindi. Maji huingia kwa ngozi yake yote. Juu ya ngozi hiyo kuna vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Jani la muhindi nalo lina vitundu, lakini vya muhindi vina midomo inayofungwa wakati wa jua kali ili maji yasipotee. Vya mmea wa ini havina midomo ya namna hiyo. Ni kama nyumba yenye madirisha yasiyo na mbao: upepo mkavu ukija, kila kitu cha ndani hukauka.

Pili, hauna mbegu. Huzaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hii: juu ya mgongo wake hufanya vikombe vidogo, na ndani ya vikombe mna vipande vidogo vya kijani, bapa kama sarafu. Tone la mvua likianguka katika kikombe, huvirusha vipande hivyo nje, navyo huweza kufika kadiri ya hatua moja. Kila kipande kikiangukia mahali penye unyevu huwa mmea mpya. Kwa hiyo safari nzima ya mtoto wa mmea huu, kutoka kwa mzazi wake hadi shamba lake mwenyewe, ni hatua moja, na gari lake ni tone la mvua.

Njia ya pili ni ya dume na jike, ambao katika aina nyingi huwa mimea mbalimbali. Dume huinua kijiti chenye kisahani bapa juu yake. Jike huinua kijiti chenye kitu kama mwavuli uliochanika vidole vidole. Mbegu za kiume huogelea. Ndiyo, msomaji, huogelea kama samaki, katika utando mwembamba wa maji ya mvua au umande, mpaka zifike kwa jike. Bila utando huo wa maji, dume na jike waweza kukaa karibu karibu mwaka mzima wasipate mtoto. Maji yakiwepo, huzaliwa chembe ndogo kama vumbi, ambazo hupeperushwa na upepo kwenda mbali.

TUVILINGANISHE SASA

Tukiweka mambo haya bega kwa bega, twaona tofauti kubwa nne.

Ya kwanza ni umri wa ukoo. Mimea ya kwanza ilitoka majini kuja nchi kavu kadiri ya miaka milioni 470 iliyopita, na jamii ya mimea ya ini ni miongoni mwa zile zilizoshika desturi za kale. Ndege walitokea baadaye sana, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmea ni mzee wa kijiji, na ndege ni kijana aliyewasili jana.

Ya pili ni mwendo. Mmoja hupita mabara mawili kwa mwaka. Mwingine, akitumia vikombe vyake, husogea hatua moja kwa mvua moja.

Ya tatu ni kumtafuta mwenzi. Ndege humwita mwenzi wake kwa sauti. Mmea hauna sauti. Hungoja mvua iwe mshenga wake.

Ya nne ndiyo kubwa zaidi, nayo yahusu kuzaa. Yai la ndege ni chombo kilichofungwa, na ndani yake mna maji yatakayomtosha kinda mpaka aanguliwe. Ndiyo sababu ndege aweza kutaga mahali pakavu. Amebeba kidimbwi chake ndani ya ganda. Mahindi nayo yamefanya jambo kama hilo kwa njia yake. Unga wa kiume wa ua lililo juu ya muhindi huchukuliwa na upepo hadi kwenye nywele za gunzi, wala hauhitaji kuogelea nje. Kisha punje hukauka, hukaa ghalani, nayo bado ina uhai. Lakini mmea wa ini haukupata ganda wala punje. Kila kizazi chake hukiomba maji upya.

Kwa hesabu hiyo mtu atasema, "Basi ndege amejikomboa na maji, na mmea ni mtumwa wa maji." Maneno hayo ni kweli nusu tu. Ni kweli kwamba ndege amejikomboa katika kutaga yai. Lakini chakula chake kimo katika matete, na matete yamo katika maji. Akipoteza kinamasi, yai lake lenye ganda halitamsaidia, maana mama hatakuwa na nguvu za kufika mahali pa kulitaga. Basi twaona jambo lile tulilolitafuta tangu mwanzo: viumbe hivi viwili, kimoja chenye mabawa na kimoja kisicho na mzizi, vina mdai mmoja, nalo ni bonde lisilokauka.

USHAHIDI KUTOKA MBALI

Haya si maneno ya kukisia. Huko Uingereza wataalamu wamekuwa wakiwakamata ndege wa matete kwa nyavu laini, kuwavalisha pete ndogo miguuni, na kuwaachilia, ili wajue ni wangapi wanaorudi mwaka wa pili. Ndege wa Uingereza huenda kukaa Afrika Magharibi. Katika miaka ya ukame mkubwa wa nchi za Sahel, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea katika miaka ya 1970 na 1980, hesabu yao ilishuka sana. Wataalamu walipolinganisha hesabu ya ndege na hesabu ya mvua waliona ya kuwa mvua ikikosekana Afrika Magharibi, waimbaji hupungua Uingereza masika yaliyofuata. Hapana mtu huko aliyekausha vijito vyao. Maji yaliyokosekana yalikuwa ya Afrika.

Na tugeuze jambo hilo upande wetu. Ndege waliokaa katika bonde letu kuanzia Novemba ni wageni wetu, lakini ni wenyeji wa watu wengine. Mtoto wa shule katika nchi ya mbali aweza kuukosa wimbo kwa sababu ya mfereji uliochimbwa huku, wala asijue kamwe sababu yake.

Mmea wa ini hauna ushahidi wa namna hiyo. Hauvalishwi pete, wala hakuna mtu anayesikia ukimya wake. Bonde likikauka, kingo zake hukunjamana, hubadilika rangi, hufa pale pale. Kwa sababu hiyo yafaa tuuone kuwa mlinzi wa zamu. Ndege aweza kujaribu bonde la pili na la tatu kabla ya kushindwa, na habari zake hutufikia zikiwa zimechelewa. Mmea hutoa habari zake siku zile zile, mahali pale pale, kwa mtu yeyote anayekubali kuinama.

JAMBO HILI LAMHUSU MKULIMA

Yaweza kusemwa, "Mimi silimi ndege, nalima mahindi." Neno hilo ni la haki, maana mtu ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa, na udongo mweusi wa bonde hutamanisha. Lakini kinamasi ni kama sifongo. Wakati wa mvua hunywa maji yashukayo mlimani na kupunguza haraka yake. Wakati wa kiangazi hutoa maji hayo kidogo kidogo katika kijito. Sifongo ikikatwa kwa mifereji, maji hushuka yote kwa pamoja. Watu wa Budalang'i, waliopata mafuriko ya Nzoia mara nyingi, wajua maana yake. Na mwezi wa Januari au Februari, yule aliyekausha bonde huwa wa kwanza kutembea mbali na ndoo.

Mambo matatu huharibu mabonde haya. La kwanza ni kuchimba mifereji ya kuyakausha. La pili ni kulima mpaka ukingoni mwa maji, hata udongo ukaporomokea kijitoni na kuufunika mmea wa ini na mayai ya samaki pamoja. La tatu ni kupanda mikaratusi kando ya chemchemi. Mti huu una faida kwa nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi, na mahali pake ni mlimani au kwenye mpaka wa shamba, mbali na chemchemi.

Sheria nazo zimesema. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima katika ukanda wa kando ya mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka mahali maji ya mafuriko yalipofika juu kabisa. Kadhalika Kenya iliingia mwaka 1990 katika Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, kwa ajili ya kulinda ardhi zenye maji. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Na huko Kipsaina, karibu na Saiwa, wanakijiji wenyewe wamefanya kikundi cha kulinda kinamasi na korongo wenye taji wanaoishi humo. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana askari wa hifadhi hulinda kilomita zile 2.9 tu, bali maji yake hutoka katika mashamba ya watu.

Mwenye shamba la bonde hahitaji fedha nyingi kutenda sehemu yake. Na aache ukanda wa matete na nyasi usioguswa jembe. Na ahamishe mikaratusi. Na achote maji mahali pamoja palipojengewa mawe, ng'ombe wasikanyage ukingo wote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bonde ni mfereji wa kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Waalimu waweza kuwapa watoto maswali haya, na wazee waweza kuyazungumza barazani.

1. Kwa nini muhindi huvumilia jua kali kwa siku kadhaa, na mmea wa ini hauvumilii?

2. Yai la ndege na punje ya muhindi vinafanana katika kazi gani?

3. Ndege wa matete akikosa wadudu mwezi wa Aprili, hasara yake itaonekana katika nchi gani?

4. Tafuta ukingo wenye kivuli karibu nanyi wakati wa mvua. Je, mmea wa ini upo? Tazama vikombe vyake, kisha tia tone moja la maji ndani ya kikombe kutoka juu, upime kwa rula jinsi vipande vilivyoruka. Rudi mahali hapo mwezi wa Februari, uandike uliyoyaona.

5. Uliza mzee wa kijiji chako: ni vijito vipi vilivyotiririka mwaka mzima alipokuwa mtoto, navyo leo vikoje?

Swali hili la tano lapita yote kwa uzito, na majibu yake hayamo katika kitabu chochote. Yaandikwe upesi, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.